Mistari Mitatu, Hakuna Kuchana

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule pale Uyole, na kwa miaka kumi na moja jirani yangu wa kushoto amekuwa Severina Luhwago, ambaye sote tunamwita Mama Minza. Anauza madaftari, kalamu na vitabu vilivyokwisha kusomwa na watu wengine. Lakini kitabu anachokipenda kuliko vyote hakiuzi. Hata uje na hela za mji mzima wa Mbeya, hakiuzi. Anakiazimisha tu.

Kinaitwa Hadi Mto Upungue. Jalada lilishapotea na jina la mtunzi likaenda nalo, ila jina la kitabu limechapwa juu ya kila ukurasa. Walimu wastaafu wakikiona wanachekelea peke yao, maana kuna enzi kila aliyejua kusoma huku kwetu alikuwa amekisoma au amesimuliwa. Ni hadithi ya mapenzi wakati Wajerumani wanapigana na Wahehe. Binti wa Kihehe, Senyawa, anampenda kijana wa Kisangu, Kiyombo. Wasangu siku zile walikuwa upande wa Wajerumani, na Kiyombo anabeba mizigo ya jeshi lile lile linalokuja kuibomoa ngome ya Kalenga. Ngome inaanguka. Senyawa anamfuata Kiyombo na mtoto mgongoni, wanafika mto Ruaha umefurika, wanakaa ukingoni wakingoja maji yapungue, huku ndugu zake wanamtafuta kwa mikuki.

Mama Minza alikipata mwaka 1987, akiwa kibarua kwenye kiwanda cha karatasi kule Mgololo. Kazi yake ilikuwa kuchambua karatasi chakavu: kutoa pini, nailoni na uchafu kabla hazijaenda kuchemshwa zikawa uji. Siku moja akafungua robota, akakiona kimelala katikati ya magazeti. Alisoma ukurasa mmoja amesimama, akasoma wa pili, kisha akakifunga tumboni kwa kanga. Mlinzi wa getini akamtazama akasema, "Hongera, dada, kwa mzigo."

"Asante," akajibu. "Niombee nijifungue salama."

Ndivyo alivyo mpaka leo. Ukimkazia jicho, anakukazia mawili.

Sasa sikiliza sheria zake za kuazima. Hulipi kitu. Unakaa nacho wiki tatu. Ukirudisha unapewa kauntabuku ya kwaya nne, ile nene, na unaandika maoni yako yasiyopungua mistari mitatu, unaweka jina na tarehe. Hakuna kufuta, hakuna kuchana. Ukibadili mawazo baadaye, unarudi unaandika chini ya yale ya kwanza ili watu waone ulikotoka. Nilimuuliza kwa nini mistari mitatu. Akasema mstari wa kwanza mtu anaandika alichosikia kwa wenzake, wa pili anajisifu, wa tatu ndipo anaanza kusema ukweli.

Hiyo kauntabuku, nakuambia, inanoga kuliko kitabu chenyewe. Dereva mmoja wa malori ya Tunduma kaandika: "Mtunzi anasema walitembea Kalenga hadi Utengule siku moja, na mtoto. Hiyo njia mimi naijua kwa gari na bado inanichosha. Huyu alikuwa anaandika amekaa." Atuganile, mkunga wa zahanati ya jirani, kaandika: "Ukurasa wa 140 amejifungua. Ukurasa wa 141 anakimbia. Mimi ni mkunga wa miaka ishirini na sita, hakimbii mtu." Katekista fulani kalalamika kwamba wapenzi hawakufunga ndoa ya kanisa, na mtu mwingine kamjibu hapo hapo chini: "Kanisa lenyewe lilikuwa bado liko njiani." Mwanajeshi mstaafu kasema vitani hakuna mapenzi marefu namna hiyo, kuna kungoja chakula na kuharisha, "lakini ukurasa wa mwisho nimelia, na asiniulize mtu." Mwanafunzi wa kidato cha tatu kasema Kiyombo ni mwamba, ila alitakiwa kuacha kubeba mizigo ya Wazungu mapema, sio mpaka apendwe.

Mimi niliandika kwamba Senyawa alichelewa, mimi ningeondoka ukurasa wa ishirini. Mimi ni Mnyakyusa, sijui kumung'unya maneno.

Lakini ugomvi mkubwa humo ndani ni mmoja tu: Senyawa ni msaliti au siyo? Wanaotoka Iringa wengi wanasema ndiyo, watu wake wanakufa yeye anafuata mapenzi. Wa huku Usangu wanasema vita haikuwa yake, hakuna aliyemuuliza kabla ya kuianzisha. Wanajibizana ukurasa kwa ukurasa, watu ambao hawajawahi kuonana. Na katikati ya ugomvi huo kuna ukurasa mmoja wenye maneno mawili tu, kwa wino mwekundu, mwandiko wa mwalimu, ya mwaka 2009:

"Msaliti. Sifuri."

Huyo ni Timotheo Luhwago, mwalimu mstaafu wa Kalenga, kaka yake Mama Minza tumbo moja. Dada yake alimtumia kitabu na kauntabuku kwa basi, naye akarudisha na sifuri. Hakuwa anamsahihisha Senyawa, na wote wawili walijua hilo. Mtu mzima na akili zake, kutumia kalamu nyekundu kumtukana dada yake! Nilipouona ukurasa ule mara ya kwanza nilitaka kumpigia simu hapo hapo. Mama Minza akanizuia. Akasema, "Mwache, Tupo. Hata mistari mitatu hajafikisha. Hajamaliza."

Hapa inabidi nikueleze habari za Budeba.

Budeba alikuwa Msukuma, wa zile familia zilizoteremka na ng'ombe wao kutoka Shinyanga zikaweka makazi bonde la Usangu. Alikuwa anapeleka ng'ombe wa kuchinja Mgololo, na huko akamwona msichana anasoma kitabu kisicho na jalada wakati wa mapumziko. Mwaka 1989 akaenda kuposa. Baba wa Severina alikuwa amefariki, aliyekaa kiti cha baba ni Timotheo, kijana wa miaka thelathini na mitano, mwalimu, shati limenyooshwa. Budeba akafika Kalenga na wajomba zake, na mshenga Msukuma mwenzake, na ng'ombe ishirini. Kwao kumheshimu binti ni kuujaza uwanja wa wazazi wake.

Timotheo akatoka nje, akawatazama wale ng'ombe wanavyokanyaga mahindi, akasema: "Mnanunua dada yangu au mnanunua Kalenga nzima? Rudini nao."

Hakusema neno lingine. Severina hakuwepo, alikuwa jikoni, kwa sababu mwali hakai kwenye posa yake. Alichosikia ni kwato za ng'ombe zikiondoka. Akangoja wiki moja, kisha akafunga nguo zake na kitabu chake kwenye kanga, akapanda gari mpaka Rujewa, akauliza nyumba ya Budeba. Wakafunga ndoa, wakazaa watoto wanne, Minza ndiye wa kwanza. Wakaishi miaka thelathini na miwili, na kwa miaka yote hiyo barua kutoka Kalenga zilikuja zimeandikwa "Severina na watoto." Budeba alipofariki mwaka 2021, Timotheo hakuja kuzika. Alituma ujumbe kwenye simu: "Pole kwa msiba." Jina la marehemu hakuliandika. Kwetu hata adui yako ukimzika unamtaja jina.

Mimi Budeba nimemjua mzee, mrefu, mguu mmoja mbovu, anakaa kwenye stuli nyuma ya meza ya mkewe. Alikuwa hajui kusoma. Mkewe akaanza kumfundisha ana miaka hamsini na kitu, na hakumfundisha kwa vitabu vya watoto. Alimfundisha kwa Hadi Mto Upungue. Nilikuwa namsikia kutoka kwenye cherehani yangu, neno moja moja, kwa sauti, wanafunzi wanapita wanacheka, naye hajali hata kidogo. Ilimchukua miezi saba. Alipomaliza, akadai kauntabuku kama msomaji mwingine yeyote, akaandika ukurasa mzima.

Mkewe alipousoma ule ukurasa akakaa chini kwenye saruji. Nikadhani amepata habari ya msiba. Keshoye Budeba akaenda sokoni na mguu wake ule, akarudi na jembe jipya la mkono, mpini mweupe, akalitundika juu ya mlango wa nyumba yao. Lilikaa pale miaka saba bila kugusa udongo. Mguu haukupona.

Sasa, mwaka huu mwezi wa pili ikaja barua. Kalenga wanafungua chumba cha kusomea, kamati imeundwa, na mwenyekiti, nani mwingine, ni Mwalimu Timotheo Luhwago. Kamati inaomba nakala ya Hadi Mto Upungue, kwa kuwa inahusu Kalenga na haipatikani tena. Itawekwa kwenye kabati la kioo. Na chini, aya ya peke yake: "Kauntabuku isiambatanishwe, kwa kuwa ina maoni yasiyofaa ya watu wasiohusika."

Mama Minza aliisoma mara tatu. Miwani ikaanza kufunga ukungu.

"Watu wasiohusika," akasema.

Nikamwambia asiwape kitu, wakatafute wenyewe kwenye marobota. Akatikisa kichwa. "Tupo, mimi nina miaka sitini na miwili. Nataka kitu kimoja tu kwenye dunia hii. Nataka jina la Budeba litamkwe Kalenga, kwa sauti, mbele ya kaka yangu, kabla hawajanifukia. Vikienda, vitaenda vyote viwili."

Basi nikafunga cherehani siku mbili, nikamsindikiza. Na jembe tulilichukua, nimelifunga kwenye kiroba. Utingo wa basi akataka kulitupa kwenye buti. Nikamwambia alitupe aone.

Kalenga tulifika saa tano. Kikao kilikuwa kwenye ukumbi wa kanisa, wajumbe watano kwenye madawati, katibu wao binti mmoja anaitwa Devota, na Mwalimu Timotheo mbele, suti ya kijivu, fimbo ya mkononi. Miaka sabini lakini amenyooka bado. Mama Minza akamwamkia, "Shikamoo, kaka." Akaitikia marahaba bila kuinuka. Wajumbe ndio walioinuka, wakatusalimu Kihehe, "Kamwene, kamwene," wakatupatia viti.

Mwalimu akashukuru kwa niaba ya kamati, akanyoosha mkono apewe kitabu. Mama Minza akakitoa kwenye mkoba, akatoa na kauntabuku, akaviweka mezani kimoja juu ya kingine, akaweka mkono wake juu.

"Vinakaa pamoja," akasema. "Ukitaka kimoja, umekosa vyote."

"Severina, kitabu ni historia ya wazee wetu. Hizo nyingine ni porojo za vijiweni."

"Umezisoma?"

"Nimeona zilivyo. Inatosha."

"Wewe umefundisha miaka thelathini na tano, kaka. Siku hizo mtoto alikuwa anapewa sifuri kabla hujasoma karatasi yake?"

Mjumbe mmoja akakohoa kuficha kicheko. Mama Minza akaigeuza kauntabuku kuelekea kwa Devota. "Binti yangu, tusomee kidogo. Kamati iamue inachokikataa baada ya kukisikia."

Devota akamtazama mwenyekiti, mwenyekiti akatazama dirishani. Wajumbe wakasema soma. Akasoma. Kwa mkunga wakacheka mpaka mzee mmoja akafuta macho. Kwa wa Iringa wanaosema msaliti wakaitikia, "Naam, naam." Kwa wa Usangu wakaguna. Kwa mwanajeshi wakanyamaza. Alipofika kwenye wino mwekundu, binti wa watu akasita, akasoma tu kwa sauti ndogo, "Msaliti. Sifuri," na hakuna aliyeuliza ni ya nani, maana mwandiko ule umewafundisha nusu ya waliokuwa pale kusoma.

"Geuza," Mama Minza akasema. "Mbele zaidi, ule uliojaa mpaka chini."

Devota akasoma:

"Mimi ni Budeba, mume wa Severina. Nimesoma kitabu hiki miezi saba. Ndicho cha kwanza kukimaliza. Ukurasa wa 88 Kiyombo anakwenda kuposa. Hana ng'ombe hata mmoja. Ana jembe. Analiweka mlangoni kwa baba wa binti, na baba yule anawachukia Wasangu, lakini anainama analiokota, kwa sababu aliyeleta jembe amepiga hodi, na aliyepiga hodi haachwi nje. Mimi nilipeleka ng'ombe ishirini. Jembe sikupeleka. Sikujua. Mke wangu anasema kwao jembe ni kitu cha kawaida kabisa, hakufikiri kama kuna mtu asiyejua. Miaka yote nilidhani wamenikataa kwa kabila langu. Kumbe niliingia kwa watu bila hodi. Nitanunua jembe. Mguu ukipata nafuu nitampelekea shemeji Timotheo mwenyewe. Kitabu ni kizuri."

Mimi nilikuwa nalia waziwazi na sikuona haya. Yeye Mama Minza hakulia. Alikuwa anamtazama kaka yake usoni, hapepesi.

"Huyo ndiye mtu asiyehusika," akasema. "Anaitwa Budeba. Sema na wewe, kaka. Hata mara moja."

Mwalimu akageukia dirisha tena. Nikaona zamu yangu imefika. Nikalitoa jembe kwenye kiroba, nikaliweka mezani mbele yake. Lile bati la chuma lilikuwa bado na karatasi ya kiwanda.

Sijui kama ni uzee au ni damu, lakini mkono wa Mwalimu ulikwenda wenyewe. Aliinama kulishika mpini, vile baba yake angelishika. Mzee mmoja akaanza kusema alhamdulillahi, kumbe ni Mkristo, mshtuko tu.

Mama Minza akalivuta jembe upande wake.

"Hapana," akasema. "Sijaja kuposwa, kaka, niliolewa zamani. Jembe linapokelewa mkononi kwa aliyelileta, na aliyelileta mmemwacha akazikwa na majirani. Nimekuja ulione tu. Nikitoka hapa nakwenda kulilimia."

Nje mtu alikuwa anaswaga mbuzi. Mwalimu Timotheo alibaki ameinama vilevile, mkono mtupu juu ya meza, kisha akasema kwa sauti ambayo haikuwa ya mwenyekiti:

"Naomba hiyo kauntabuku. Nichane ukurasa wangu."

"Hakuna kuchana."

"Severina."

"Hakuna kuchana. Ukibadili mawazo unaandika chini. Dereva wa lori ameitii hiyo sheria, itakushinda wewe mwalimu?"

Akatazama mlango, nikadhani ataondoka. Halafu akamwomba Devota kalamu. Devota akampa ya bluu. Akavaa miwani, akafungua ule ukurasa wake wa wino mwekundu, akaandika polepole, akasimamisha kalamu, akaandika tena. Akaisukuma kauntabuku kwa dada yake bila kumtazama.

Mimi nilikuwa nyuma ya bega la Mama Minza, nikasoma naye. Ilikuwa mistari miwili.

"Siku ile ya posa niliona kwamba Budeba hajui desturi ya jembe.

Ningeweza kumwambia. Nilinyamaza makusudi."

Miaka thelathini na mitano. Mume aliyekufa anajilaumu kwamba hakupiga hodi, na aliyekuwa ndani alimwona yuko mlangoni. Nilitaka kumshika yule mzee shati. Nilitaka Mama Minza apige kelele, autikise ukumbi. Ingekuwa mimi, jembe lile lingekuwa na kazi ya kwanza siku ile.

Yeye alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kitenge, akaivaa tena. Akaweka kidole chake chini ya ule mstari wa pili, mahali peupe, akaisukuma kauntabuku ikarudi.

"Sheria ni mistari mitatu," akasema. "Endelea."

Mwalimu akamtazama, kwa mara ya kwanza tangu tuingie. Kisha akavuta kiti, akakaa, akainamia karatasi. Basi letu la saa nane lilituacha siku ile. Wajumbe walitoka mmoja mmoja, Devota akatuletea chai, na sisi wawili tukakaa pale na jembe letu, tukimngoja aandike.